Lita Moja ya Bi Syombua

Mita ya Kayole haijui maneno.
Hufungasha siku nzima katika baiti saba:
mbili namba ya nyumba,
nne lita,
ya mwisho hali ya betri,
kisha huirusha hewani hadi Ngara,
ghorofa ya nne, ninakofungua.

Hakuna nukta wala nafasi,
hakuna hodi.
Ruka baiti moja tu
betri inakuwa maji, maji yanakuwa nyumba.

Jumanne Bi Syombua alipanda ngazi zote,
bili ameikunja ndogo kama hirizi.
Lita milioni kumi na sita,
laki saba, sabini na saba elfu,
mia mbili na kumi na sita.
"Bomba lilikohoa tu, mwanangu.
Nilipata kopo moja."

Nikazitazama baiti zake, uchi kwenye kioo:
moja, sifuri, sifuri, sifuri.
Mita huanza na kidogo.
Maktaba yangu, niliyoiandika usiku nikijisifu,
huanza na kikubwa;
nilishika mkia nikauita kichwa.

Nikabadilisha neno moja.
Sifuri tatu zikahamia mbele ya moja,
zikakosa la kusema.

Nikamwonyesha. Hakutazama.
Alitoa kopo mkobani, limebonyea ubavuni,
akaliweka kando ya kibodi:
"Lita ni hii."

Lipo bado, lina kalamu zangu.
Na kila nikiigusa ile maktaba,
kabla sijaiamini na mji mzima,
naipa kwanza baiti nne za Kayole
nisikie itasema ngapi.