Padri Aliyekuja na Maswali

Kaa hapa, Padri, penye kiti kizima,
hicho kingine mguu wake ni wa kuazima.
Andika: Leokadia Nsimire.
Hakuwa sista, wala hakutaka kuwa.
Pete alikuwa nayo, ya shaba, ya mume aliyekwenda Kamituga
kutafuta dhahabu, akapata na mke huko.
Andika na hilo. Usiliruke.

Unauliza kama alisali sana.
Alisali akitembea. Toka Kadutu mpaka zahanati
ni rozari moja, mteremko ukiwa mkavu;
mvua ikinyesha, alisema, ni rozari mbili na tusi moja.
Alikuwa na ulimi. Nikiosha glavu vibaya
alinikemea mbele ya wagonjwa,
kisha jioni ananisogezea sambaza kwenye kikaratasi,
haniangalii.
Ndivyo alivyoomba msamaha.

Miujiza?
Mimi nilikuwa nadeki tu, Padri.
Niliona serumu tatu zikitosha watu watano.
Hazikuongezeka, la. Alizipima tone kwa tone,
midomo ikihesabu,
kama muuza mafuta ya taa asiyetaka hasara.

Siku ile milio ilianzia upande wa Ruzizi.
Daktari alivuka. Simlaumu, alikuwa na watoto.
Gari la mwisho likapiga honi langoni mara tatu.
Leokadia alikuwa anamzalisha mama mmoja wa Kabare,
akasema bila kugeuka:
"Waambie wapige ya nne, huyu anasukuma."
Ya nne hatukuisikia.

Walioingia waliwataka vijana wawili wa wodi ya majeraha,
mmoja wa jeshi hili, mmoja wa lile,
vitanda vyao jirani, usiku kucha wakigombania blanketi.
Akasimama mlangoni na aproni yenye damu ya uzazi.
Usitafute hotuba. Alisema:
"Hapa watu huingia kwa zamu. Na viatu vyenu vina matope."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimedeki.

Mlio wenyewe siusemi.
Niliwahi kuusema kwa wengine, wakaandika, wakaenda zao.
Nilikuwa chini ya meza, nikaona viatu vyake vya mpira
vikigeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa na mgonjwa.
Vijana walikwisha pita dirishani,
mwenye miguu akimbeba asiyeweza.
Mtoto alilia nyuma ya pazia.
Hakuitwa Leokadia. Mama yake hakujua
jina la aliyempokea mwanawe.

Mkimchonga sanamu, Padri,
msimpe uso mpole. Mpeni kunja la paji,
na kalamu nyuma ya sikio.

Daftari lake ninalo, limefungwa kwa kitenge.
Ukurasa wa mwisho: saa kumi kasoro robo. Mvulana. Kilo —
halafu mstari mtupu.

Mimi sijui kusoma vizuri,
lakini pale napajua.
Kila mwaka nalifungua, napitisha kidole,
najiuliza alikuwa na kilo ngapi.