Mgeuza Kurasa

Niliajiriwa kwa sababu mbili:
nilijua kusoma noti, na kimo changu
kisingemkinga mgeni yeyote asione.
Olomouc, Januari, theluji hadi magotini.
Mke wa mfamasia aliniosha mikono mwenyewe
kwa sabuni ya waridi, mara tatu,
na bado vidole vilinuka moshi wa soseji.
Baba alikuwa mchinjaji,
na harufu ya kazi haibishi hodi.

"Metoděj," akasema Bi Zelinková, "kaa kushoto kwangu.
Nikitikisa kidevu, geuza.
Na usiipumulie mishumaa."
Mumewe alikuwa karibu na jiko la vigae
akikaza nyuzi za fidla, ametupa mgongo.
Walikuja kwa gari moja la farasi.
Mwendesha gari alisema
njia nzima alisikia kwato tu.

Sonata ilianza kwa piano peke yake,
chini chini, kama mtu anayepekua droo
gizani, asitake kuwaamsha waliolala.
Fidla ikaingia. Haikujibu, ilikatiza,
ikapanda juu ya dari, juu ya theluji ya dari,
na wanawake wa safu ya mbele
wakaacha kujipepea kwa wakati mmoja.
Mimi sikupanda. Kazi yangu ilikuwa kona ya karatasi.

Mwendo wa pili ulikuwa wa taratibu mno:
nta iliwahi kudondoka
kati ya noti na noti.
Pembezoni, kwa penseli, mwandiko wa mume:
*hapa nisubiri.*
Chini yake, mwandiko mwingine:
*nimekusubiri.*

Kidevu kikatikisika. Nikageuza.
Karatasi, kwa ubishi wa mafuta ya soseji,
ikaning'ang'ania kidole, ikachomoka,
ikaelea, ikatua chini ya piano.

Nikapiga magoti.
Juu yangu muziki haukukatika;
alikuwa ameuhifadhi, mama yule, kurasa zote,
na mimi nilikuwa pambo tu.
Niliona kiatu chake juu ya pedali, kikitetemeka.
Niliona viatu vya mumewe,
ambavyo jioni nzima vilielekea dirishani,
vikigeuka, kimoja, halafu cha pili.

Karatasi ililala kifudifudi.
Mgongoni, mwandiko wa mke:

mafuta ya taa
nyuzi za mi, mbili
limau, asali (kikohozi)

na chini kabisa, herufi zimebanana:

seremala: msonobari, sentimita tisini.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Nilidhani ni rafu ya vitabu.

Nikairudisha mahali pake. Hakuitazama.
Mwendo wa tatu ulikwenda mbio, watu wakasimama,
mfamasia akapenga kamasi kwa kishindo,
nikapewa sarafu na chungwa moja.
Nililila njiani, na maganda yake,
nisije nikagawana na ndugu zangu.

Nilishayasahau hayo.
Nilikuwa na thelathini na miwili, duka sasa ni langu,
damu ya nguruwe bado iko kwenye aproni,
seremala wa mtaa wetu aliponivuta pembeni
akaniuliza, kwa upole, urefu.
Nikafungua mdomo nimtajie.
Ukaja mwendo wa pili, wote,
hata pale palipoandikwa kusubiri,
na yule mtu, kofia mkononi,
akanisubiri.