Nani Ameshika Kamera?

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu jioni,
baba yuko juu ya paa, bado na buti za kiwandani,
anazungusha antena kama msafiri anayetafuta kibla,
nasi chini twapiga kelele: Hapo! Aa, umepitiliza!
Hapo hapo, baba, usipumue!
Chenga zinatulia,
na kutoka ndani ya chenga anajitokeza Clarrie Penhall
na kaptura yake, na mkewe Noreen,
na Landrova iliyozama matope hadi kwenye vitasa.

Hapo ni Port Pirie, mwaka wa sabini na nne.
Moshi wa tanuru la risasi ulikaa juu ya kamba zetu za nguo
kama mgeni asiyejua kuaga.
Bara tulilijua kwa kioo tu:
Clarrie akichemsha chai kwenye kopo,
Clarrie akimshika mjusi mkia, akimwomba radhi,
Clarrie akipiga goti kando ya chemchemi, akinong'ona:
"Hapa, watazamaji wapendwa, hakuna mtu.
Ni sisi wawili tu, na Mungu."

Mama, macho hayabanduki kwenye soksi anayoishona:
"Kama ni wawili tu, nani ameshika kamera?"

Shh, tukasema.
Shh, Lorna, akasema baba.

Miaka mitatu baba alidundulizia kwenye kopo la biskuti.
Akanunua gari kwa mchinjaji, Holden kuukuu
lililonuka kondoo hadi siku lilipokufa.
Akatufundisha, mimi na Darrell, kupiga jeki,
kusoma ramani, kunywa maji kwa kipimo cha kifuniko,
yote hayo uani, kati ya banda la kuku na choo.

Tuliondoka Agosti.
Siku ya pili, lami imeshatutupa nyuma kitambo,
nikaanza kulia. Darrell akadhani gari limenichafua tumbo.
Wala.
Ardhi ilikuwa nyekundu.
Hakuna aliyeniambia!
Miaka yote ile, kwenye kioo chetu, jangwa lilikuwa kijivu,
kijivu kama supu ya Alhamisi, kama mashati ya baba,
na nililipenda vivyo hivyo, na ukijivu wake.
Sasa limenijia limevaa rangi,
nami sina la kulivalia.
Na nzi je? Clarrie hakuwahi kutaja nzi.

Kwenye kituo cha petroli chenye pampu moja
mama mmoja wa Kiarabana, Maudie, alituuliza tuendako.
Baba akamtajia chemchemi, akamtajia Clarrie.
Maudie akacheka hadi akaegemea pampu.
"Hiyo? Iko nyuma ya nyumba ya shangazi yangu.
Alikuja kuomba sukari, huyo Clarrie wenu. Mara mbili.
Halafu wakamwambia shangazi asogee kidogo,
kivuli chake kinaingia kwenye picha."

Baba naye akacheka.
Kisha akaacha. Akavua kofia, akalipa,
akasahau chenji.

Tulikwenda hata hivyo. Ungefanyaje, baada ya miaka mitatu?
Maji yalikuwa madogo, ya uvuguvugu, yakitoa mapovu taratibu
kama mtu anayeota.
Baba akapiga goti. "Watazamaji wapendwa," akaanza,
akatuangalia, hakumaliza.

Juzi, nikihamisha vitu vya Darrell, nimelifungua lile kopo.
Picha thelathini na sita.
Baba na jeki. Darrell na mjusi, mjusi mfu.
Mimi, midomo imepasuka, nimenuna bila sababu.
Holden. Holden tena.
Mama hayumo. Nimezipanga sakafuni zote, nikazipangua.
Hayumo hata moja.

Ila ile ya chemchemi, sisi watatu tumepanga mstari, jua usoni:
chini, juu ya wekundu ule,
kuna kofia pana, na viwiko viwili vimeinuliwa
kama mikono ya mtungi,
kivuli kirefu
kinachotugusa sote miguuni.