Jiwe la Kilo Mbili

Mkesha wa Krismasi, sokoni Chavakali,
nilizima kinu saa tatu, nikahesabu noti mara mbili,
na mara ya tatu kwa raha tu.
Imbwaga, mtumishi wangu, alisimama mlangoni,
kofia mkononi, kope nyeupe kwa unga.
“Bosi, kesho ni Krismasi.”
Nikamwambia kesho ni Jumatano.

Hakuwa amefika barabarani, kinu kikaguna.
Na stima nilikuwa nimeikata kwa mkono huu.

Agesa alikuwa ameketi juu ya gunia.
Agesa, mshirika wangu wa nusu kwa nusu,
niliyemzika Julai kule Wodanga, matope hadi magotini,
nikatoka mazishini kabla ya chai.
Alikuwa mweupe pepe, wala si kwa unga.
Shingoni, kwa kamba ya katani,
lilining’inia jiwe letu la mizani,
lile tulilolitoboa chini mwaka wa njaa
likabaki kilo mbili kwa macho tu.

“Huku lilikuwa jepesi,” akasema.
“Kule, kila robo tuliyoiba wameirudisha ndani.”

Kisha akapuliza taa.

Gizani nikaona kijana na gorogoro la mahindi,
shati halina vifungo, miguu ina funza.
Mwenye kinu, mzee fulani wa kikohozi,
akamwongezea konzi ya unga juu:
“Mwambie mama, hii ni ya sikukuu.”
Nilijua ladha ya unga ule
kabla sijajua kijana ni nani.

Nikaona jiko la Imbwaga. Kageha anasukuma chapati,
nusu ngano, nusu mahindi, zinapasuka kingo.
Chapati nne. Watu watano.
Binti mdogo anahesabu kwa kidole, anarudia,
na baba yake anafuta mdomo mkavu:
“Kuleni, mimi nimekula kwa bosi.”

Agesa hakunitazama.

Nikaona hema la kijani, la kukodi kwa saa.
Viti vya plastiki vimepangwa juu kwa juu,
hakuna aliyeona haja ya kuviteremsha.
Wapiga isukuti walitaka malipo kwanza.
Mtu mmoja tu aliuliza habari zangu:
“Ufunguo wa kinu anao nani?”

“Agesa,” nikasema, “hilo limeshaandikwa?”
Akanyanyua jiwe kwa mikono miwili, kama mtoto,
akaniwekea mapajani.

Niliamka sakafuni. Kanisani Waquaker walikuwa wameshaanza kuimba.
Kwenye unga uliomwagika, nyayo zilikuwa zangu peke yangu.
Jiwe nililitupa chooni, nikasikiliza mpaka likafika.

Sikuruka. Sikucheka barabarani.
Mtu wa miaka hamsini na minane habadiliki kama shati.
Nilibeba bandali ya unga wa ngano na mkebe wa mafuta,
nikaona haya njia nzima, kama mwizi anayerudisha kuku.

Kageha alifungua mlango nusu.
“Tumekosa nini?”
Nikanyosha mzigo. Hakuupokea.
Akaufuta mkono kwa leso, akauliza polepole:
“Unaandika kwa jina langu, au la baba watoto?”

Nikamwambia kalamu imeisha wino.

Ilikuwa mfukoni, imejaa.
Huo ndio uongo wangu wa mwisho,
nadhani.