Msahihishaji

Mtaa wa Nasser, ghorofa ya pili,
mashine za chapa zinatikisa sakafu
na chai yangu inaingia vumbi la karatasi.
Nasahihisha riwaya ya bwana mmoja mashuhuri.

Ukurasa wa nne, mama analia.
Ukurasa wa tisini, mama bado analia.
Katikati hapo uhuru umekuja, bendera imepanda,
mume ametoka jela, amekuwa waziri, amerudi jela,
na mama hajapewa hata jina.
"Nchi yangu," mwandishi anamwita, "nchi yangu iliyonajisiwa."

Nchi!
Nani aliwahi kuiona nchi ikisugua kisigino kwa jiwe,
ikificha pesa za saruji ndani ya gunia la njugu?

Kwetu Tooro, mgeni hasalimiwi hivi hivi,
huulizwa kwanza empaako yake.
Paka wa bibi yangu Kabatalya
tulimwamkia Abwooli, naye aliitika.

Kazi yangu ni nukta na herufi kubwa, basi.
Lakini jioni umeme ulipokatika
nilisogeza karatasi dirishani
nikaandika pambizoni, mwandiko mdogo:
*Jina limesahauliwa hapa. Tafadhali jaza.*

Ikarudi Jumatatu na wino wa bluu:
*Si kosa. Ni fumbo.*

Fumbo mfumbie mjinga, bwana.
Mstari wa pili kutoka juu,
pale palipokuwa na machozi matupu,
nimetia Adyeri.
Kwa herufi kubwa.
Si ndiyo kazi niliyoajiriwa?