Volti Sita

Nélida Etcheverry aliingia gereji akisukumwa:
yeye kwenye usukani, wanawe wawili nyuma,
Ford ya arobaini na saba imegoma tena mbele ya kanisa,
hapa Tacuarembó, Julai,
jalidi bado nyeupe juu ya boneti.

Nikamwambia, washa.
Stata ikageuka mara moja,
ikaguna kama mtu aliyeamshwa na mdai,
ikalala.

Volti sita, Bi Nélida. Kwa baridi hii
ni kumpa mpagazi uji wa mgonjwa.
Tupandishe ziwe kumi na mbili.

Akavua glavu. Akauliza bei. Akavaa glavu.
“Fanya. Ila honi usiiguse.”

Siku nne. Dainamo niliing'oa na kutu yake,
nzito kama mtoto aliyelala;
mahali pake, alteneta ya pikapu
iliyopinduka njia ya Rivera.
Na kwa kuwa Ford hizo hufunga chanya kwenye bodi,
nikageuza, hasi ikashika chuma,
nikabandika karatasi juu ya betri
kwa fundi atakayenifuata: IMEGEUZWA.

Balbu mpya zote. Koili mpya. Geji ya mafuta
nikaiwekea kizuizi kidogo
isije ikaapa tangi limejaa.
Nyaya za kitambaa niliziacha; ni nene,
zilizoea kubeba zaidi ya haya.
Stata nayo itahimili,
mradi usiikalie kidole.

Honi sikuigusa, kama alivyosema.
Hapo ndipo nilipokosea.

Jumamosi akaibonyeza.
Ikapiga ukelele mwembamba, mkali,
mbwa wa bucha wakabweka,
mtoto akaangusha mkate barabarani.
Yeye alibaki amekaa.
“Huyu siye,” akasema.
“Marehemu alipiga mara mbili akifika kona,
kikohozi cha ng'ombe mzee,
nami nateleka birika.”

Nikatafuta kizuizi kingine, kikubwa, cha kauri,
nikakifunga kwenye waya wa honi.
Nikapunguza, nikajaribu, nikapunguza.
Majirani wakafunga madirisha.
Saa sita na nusu, ikakohoa.

“Tena,” akasema.

Basi gari zima ni kumi na mbili
isipokuwa pale nyuma ya grili,
shubiri moja ya waya, bado sita.
Kizuizi hupata moto. Nilimwonya
asiipige kwa muda mrefu.

Akasema haipigwi kwa muda mrefu.
Mara mbili tu, kwenye kona.