Bei kwa Herufi

Makambako, mwezi wa saba. Upepo umeshuka Kipengere
na kisu chake. Rangi inaganda koponi,
naipasha kwenye moto wa maranda ya msindano.
Naandika mabango: herufi moja, shilingi mia tatu.
Nukta ni bure. Alama ya mshangao nalipisha,
maana wateja wangu wakubwa huzitaka tatu tatu.

Jumatatu kaja katibu na karatasi:
TUTAWAFYEKA MAGAIDI KAMA PANYA.
Herufi ishirini na saba. Nikaandika.

Jumanne, kitambaa hakijakauka, huyo karudi mbio.
Mkubwa wa mkoa kasema redioni
wasiitwe panya, waitwe wahalifu.
Saa sita kapiga simu: acha panya, mkubwa wa juu yake
kasema ni panya.

Jumatano wakaja wa upande wa pili, na lao:
WARUDI NYUMBANI WATOTO WETU WALIOPOTEA.
Thelathini na nne.
Kwa hesabu zangu huruma ni ghali kuliko hasira,
imezidi kwa herufi saba.

Kule kwenye viazi, juu ya lumbesa, wapakiaji wamegawanyika.
Ngulo anasema, "Ukiwaita watoto,
yule aliyechinjwa shambani kwake utamwita nani?"
Kidulile anatema mate: "Ukiwaita panya utatega sumu.
Sumu inajua ghala la nani?"
Na yule kijana wa Wanging'ombe, asiyesema siku zote:
"Gaidi hasikilizi redio, jamani.
Anayeambiwa ni mimi. Naambiwa nimtazame vipi
mgeni akishuka kwenye treni."
Wakamcheka. Kisha wakanyamaza, gunia likiwa hewani,
mmoja kalishika huku, mmoja kule.

Mimi niliwaza lumbesa yenyewe.
Neno nalo hujazwa hadi mdomoni,
likishajaa linashonewa kilemba cha wavu, linajazwa tena,
na aliyelijaza halibebi.

Alhamisi akaja Semeni, mke wa Koplo Lutengano,
amebeba msalaba begani kama jembe.
Jina la Kinyakyusa, amani, herufi tisa, ubao mwembamba.
Nikauliza, na chini yake niandike aliuawa na nani?
Nilidhani atataka. Wengi wangetaka.
Akayatazama mabango yangu yakipigwa na upepo kambani,
lile la panya, lile la watoto,
akayasoma yote mawili, polepole,
kama mtu anayesoma risiti ya deni lisilo lake.
"Hao wamepata kitambaa mita sita," akasema.
"Mume wangu ana ubao mmoja. Wasiingie humo."

Sikumlipisha. Sisemi hivi nisifiwe:
yale mengine nililipwa yote, taslimu,
na brashi ilikuwa hiyo hiyo,
niliiosha tu kwa mafuta ya taa.

Ijumaa jioni nafunga kibanda,
mama yake Yobu amesimama ng'ambo ya mtaro.
Mwanawe alivuka Ruvuma kutafuta vito, mwaka wa tatu sasa.
Wapo wanaosema aliuawa. Wapo wanaosema anaua.
Mtaani wote wanasema, kwake hakuna anayebisha hodi.

"Lile la panya," akauliza, "litatundikwa njia ipi?"
Nikamwambia, kutoka stesheni hadi njia panda.
"Basi kanisani nitapitia relini."

Hakuondoka. Upepo ukamvuta kitenge,
akakikaza.
"Jina la herufi nne ni bei gani?"

Uandikiwe wapi, mama? Kwenye ubao? Kwenye kitambaa?

"Sijui bado. Nitajie bei."

Elfu moja na mia mbili.

Akazihesabu sarafu, zikatimia,
akazifunga tena kwenye pindo la kitenge.